Tanuri la Bi Farideh

Tangu nirudi Kilwa, kila mtu nimemsimulia kipande. Wa ofisini wamepata habari ya baridi, majirani wamepata habari ya chakula, na dada yangu wa Lindi amepata ile ya mbwa wa uwanja wa ndege, ambayo ameitangaza mpaka sasa mbwa mwenyewe amekuwa simba. Nasikia mmeanza kusahihishana wenyewe kwa wenyewe. Basi kaeni niwaeleze yote, tangu nilipotoka mpaka niliporudi. Mambo ya viza na tiketi nayaacha. Yalinichosha wakati ule na sitaki kuyarudia.

Kwa asiyemjua, Bi Farideh ni Mwajemi, mtafiti wa mambo ya kale, na anaishi Brussels tangu ujana wake. Alipata kuja kwetu msimu mmoja kutazama vigae vya ile mitungi minene ya Uajemi, yenye rangi ya kijani-samawati inayong'aa kama kioo, ambavyo sisi wachimbaji wa mambo ya kale tunavikuta karibu kila tunapochimba. Alilala kwangu, akala kwangu, na tangu hapo tukawa marafiki wa kubishana kwa simu. Yeye alishikilia kwamba vyombo vya udongo vilisafiri upande mmoja tu, kutoka kwao kuja kwetu. "Sisi tuliwaletea mitungi, nyinyi mkatupatia boriti," alikuwa akisema. Mimi nikimwambia boriti hazipiki. Watu wetu nao walikwenda huko, na penye watu pana mpishi, na mpishi hataki kutenganishwa na chungu chake.

"Basi nionyeshe chungu," alikuwa akinijibu. Chungu sikuwa nacho.

Kisha binti yake, Nasrin, akanipigia simu. Mama yake amepata kiharusi. Kifaransa chote kimepotea, Kiingereza kimepotea, hata Kiajemi chenyewe yamebaki maneno machache. Lakini kila siku ananyoosha kidole kwenye picha tuliyopiga pamoja Kilwa, halafu anamtazama Nasrin kwa hasira. "Nadhani anakutaka wewe," Nasrin aliniambia. Tena ghala linalohifadhi vigae vyake lilikuwa linahamishwa. Masanduku yangefungwa na kupelekwa mji mwingine, na yangefunguliwa Mungu ajuaye lini. Nikaona nikichelewa, yeye atakuwa amebaki na neno lake na mimi na majuto yangu.

Kilwa hadi Addis Ababa

Mpaka Dar hakuna cha kusimulia zaidi ya pancha moja, tena iliyotokea karibu na mama anayeuza korosho, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Addis ndipo nilipoanza kupata hasara. Nilikuwa nimebeba achari ya embe kwa ajili ya Bi Farideh, maana alipokuwa kwangu alikuwa akiila kwa kijiko kama dawa. Kijana wa ukaguzi akaitoa kwenye mkoba, akaniambia vimiminika haviruhusiwi.

"Achari si kimiminika," nikamwambia.

Akaiinamisha ile chupa. Mafuta yakateremka polepole upande mmoja. "Inatembea," akasema.

"Onja basi, uone kama ni maji."

Akamwita mwenzake, wakaonja wote wawili, wakatazamana. Nikadhani nimeshinda. Yule wa kwanza akafunga kifuniko kwa heshima kubwa na kuiweka kando. "Ni nzuri sana, mama," akasema, "lakini bado inatembea."

Ndani ya ndege tukakaa bila kuondoka. Mwishowe rubani akatangaza kwamba wafanyakazi wa uwanja wa Brussels wamegoma, kwa hiyo tutateremka Kolone, Ujerumani, na mbele tutakwenda kwa basi. Jirani yangu, mzee mwenye kofia ya kufuma, akajipiga paja. "Hawa Wabelgiji!" akasema kwa Kiswahili. "Kila nikirudi lazima wagome!"

Sikuwahi kufurahia malalamiko ya mtu namna ile. Anaitwa Swedi, wa Buyenzi, Bujumbura. Aliingia Ubelgiji kama mkimbizi akiwa kijana, na leo ana duka la vitenge na unga karibu na stesheni kuu ya kusini. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomweleza habari za vigae akafikiri sana, kisha akasema, "Yaani mama, umetoka Kilwa kwenda kuangalia vyombo vilivyovunjika?" Nikamwambia ndiyo. "Na wewe una akili zako?" Tukacheka wote, na tangu hapo akawa ndugu yangu wa safari.

Kolone, ambako sikupanga kufika

Basi halikuwepo. Tulipewa kuponi za chakula, na chakula chenyewe kilikuwa soseji za nguruwe. Mimi na Swedi tukabaki na mkate mkavu. Hapo akafungua begi lake na kutoa mfuko wa ndagala wa kukaanga, hawa tunaowaita sisi dagaa, pamoja na pilipili iliyosagwa na dada yake.

Harufu ikaenea ukumbi mzima. Watu wa pande zote mbili wakasogea mbali. Ndipo akaja askari na mbwa wake, mbwa mnene mwenye masikio makubwa, na mbwa akaketi kitako mbele ya begi la Swedi na kukataa kuondoka. Huyu ndiye mbwa mwenyewe. Hakubweka, hakumuuma mtu, na wala hakumkimbiza Swedi kama mlivyosimuliwa. Alikuwa anadondosha mate. Askari akakagua begi, akakuta samaki wadogo na vitenge, akamvuta mbwa kwa kamba, na mbwa akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Mama mmoja Mjerumani aliyekuwa amehama kiti akarudi kuuliza ni nini tunachokula. Swedi akampa kiganja kimoja. Alipofika kwenye pilipili tulimpa maji yetu yote.

Baadaye likatoka tangazo kwa Kijerumani, na Swedi akasema kwa uhakika kabisa, "Tumeitwa." Tukapanga foleni, tukapakia mizigo, tukapanda. Nilikuwa nimeshavua viatu dereva alipopita akihesabu watu na kutuuliza tunashukia wapi. Kumbe basi lile lilikuwa la Amsterdam. Tuliteremka mbele ya abiria wote, Swedi akiwaaga mmoja mmoja kama mtu aliyekuja kuwasindikiza.

Saint-Gilles

Tuliingia Brussels asubuhi, mvua ndogo inanyesha, ile ambayo huioni ila unalowa. Pale stesheni ya Midi alikuwa ananisubiri Maman Furaha. Ni mwanamke wa Bukavu, anafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa katika hospitali aliyolazwa Bi Farideh. Nasrin alipomtajia kwamba anatarajia mgeni anayesema Kiswahili, Maman Furaha alisema huyo mgeni hataenda hoteli yoyote.

"Karibu, maman! Tangu jana niko nakungoya. Ile grève yao, kugoma kila siku, mon Dieu, watatuua!"

Swedi akanikabidhi kwake kama anakabidhi mzigo wa thamani, akaniombea dua, akaenda dukani kwake. Sisi tukapanda mlima wa Saint-Gilles, kati ya nyumba za zamani, nyembamba na ndefu, kila mlango una kengele nyingi na majina ya dunia nzima. Nyumba yake ni ghorofa ya mwisho. Ngazi ni nyembamba kiasi kwamba mkoba wangu ulitangulia na mimi nikafuata ubavu.

"Tosha viatu, maman," akaniambia mlangoni.

Nikaviangalia viatu vyangu. Nilidhani anaviona vyepesi kwa baridi ile. "Vinanitosha," nikamjibu, "nashukuru."

"Non, tosha! Tosha!"

"Vinatosha kabisa, vina hata nafasi ya soksi."

Akaegemea ukuta kwa kicheko, akainama na kuvua vyake. Kumbe kwao kutosha ni kutoa. Wiki nzima tuliishi hivyo. Nilipomwambia nina hamu ya kumwona Bibi Farideh, aliniuliza, "Bibi ya nani? Ule maman bwana yake alikufaka," maana kwao bibi ni mke wa mtu. Nikamweleza kwamba kwetu ni heshima. "Bon, basi mi pia uniite bibi," akasema, "lakini usiniulize ya nani."

Alinipikia bugali na sombe, ambayo ni kisamvu chetu, kimesagwa laini na kutiwa mawese. Nilikula mpaka nikaona haya. Yeye akaniongezea.

Woluwe

Kwenda Woluwe, iliko hospitali ya Bi Farideh, tulipanda metro. Maman Furaha alikuwa ameniambia tunakwenda Woluwe-Saint-Lambert. Nilipoona kibao kimeandikwa Sint-Lambrechts-Woluwe, nikashtuka na kumvuta mkono kwamba tumepotea. Akaniambia nitulie, hapa kila kitu kina majina mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiflamandi, na wenyewe bado hawajakubaliana lipi litangulie.

Bi Farideh alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, shali mabegani, nywele zake nyeupe zimechanwa vizuri. Nilimkumbuka mrefu. Sasa alikuwa mdogo kama ametoka kuoshwa akanywea. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani. Aliponiona, aliinua ule wa kushoto akanishika shavu.

"Kilwa," akasema.

Jina langu hakulipata, lakini mimi niliitika. Nililia kidogo na yeye akalia kidogo. Nasrin, msichana mpole mwenye miwani na macho ya mtu asiyelala, akaniita khaleh, yaani mama mdogo, akaniletea chai.

Kisha Bi Farideh akanikazia macho na kusema, "Tanur."

Nasrin akashusha pumzi. Kwa Kiingereza akanieleza, "Ndilo neno lake kubwa. Tanur ni tanuri la mkate la nyumbani. Anataka mkate wa kwao. Mwokaji mmoja Mwajemi yupo upande wa pili wa mji, ninakwenda kila siku kabla ya kazi. Tazama."

Akafungua kitambaa. Mkate ulikuwa bado na joto. Akakata kipande na kukipeleka mdomoni kwa mama yake. Bi Farideh akageuza uso. "Na," akasema. "Na, na!" Akausukuma, mkate ukaanguka chini.

"Kila siku hivi," Maman Furaha akaninong'oneza. "Anasemaka na, na. Mi nangoya aseme na nini, lakini hamaliziake."

Nasrin akatabasamu kwa huzuni nilipomtafsiria. Kwao na ni hapana.

Bi Farideh akanivuta kiganja. Kwa ukucha wa kidole chake akaanza kukikwaruza, juu, chini, juu, chini, halafu tena. Alinitazama usoni, akisubiri. Mimi nikadhani mkono unamwasha. Maman Furaha naye akadhani hivyo, akaleta mafuta na kumpaka vizuri mpaka kwenye kiwiko. Bi Farideh akaachia kiganja changu. Akafumba macho, na alivyofumba ni kama mtu anayefunga duka kwa sababu hakuna mteja.

Nilimkuta Nasrin ukumbini, ameshikilia kile kitambaa cha mkate. "Daktari anasema huenda amechanganyikiwa, na neno halina maana," akasema. "Khaleh, mimi sina ndugu. Sijui tena mama yangu anataka nini. Jumatatu wanachukua masanduku yake, na nimekubali, kwa sababu nani atayafungua tena?"

Nilikuwa nimetoka mbali nikidhani kuonana tu kutatosha.

Jikoni kwa Maman Furaha

Kesho yake Maman Furaha alikuwa na mapumziko. Tulikuwa tunachambua majani ya viazi mchana, redio inasema Kifaransa, aliponiuliza, "Maman Sauda, ule tanuri yenyewe ni kitu gani? Nasrin anasemaka ni four, jiko ya kuoka mukate."

"Ni neno letu pia," nikamjibu. "Kwetu tanuri ni la kuchomea chokaa, au la kuokea. Kwao kila nyumba ya zamani ilikuwa na tanuri jikoni, la udongo, limezamishwa kwenye sakafu. Hata sisi wachimbaji tukilipata tunafurahi, maana ndani yake tunakuta majivu, mifupa ya samaki, vyungu vilivyovunji..."

Maman Furaha akanitazama. "Vyungu vilivyo nini?"

Nikakitazama kiganja changu. Juu, chini, juu, chini. Bi Farideh hakuwa anajikuna. Alikuwa anachora pembetatu. Na pembetatu zilizochanjwa kwenye udongo mbichi, mstari kwa mstari chini ya mdomo wa chungu, ndizo alama ya vyungu vyetu vya kale vya kupikia, pwani nzima. Nimevishika maisha yangu yote. Yeye mwenyewe nilimfundisha kuvitambua, pale uani kwangu.

"Hataki mkate," nikasema. "Kuna kitu alikikuta ndani ya tanuri."

Maman Furaha akazima jiko. "Alors, unakaa tena kufanya nini? Vaa viatu!"

Laeken

Ghala liko Laeken, kaskazini ya mji, na siku hiyo tramu nazo zilikuwa zimegoma. Tulipanda basi moja, tukateremshwa nusu ya njia, tukamaliza kwa miguu kwenye mvua. Nasrin, tuliyempigia simu, alitukuta njiani. Tulikula vibanzi vya moto vilivyofungwa kwenye karatasi, tukitembea, na nakiri kwamba ndicho chakula ninachokiota mpaka leo.

Mtunza ghala anaitwa Luc, Mflamandi mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko. Alikuwa kati ya mbao na maboksi, na hakufurahi kutuona. "Nimefunga karibu yote," akasema. "Mnataka sanduku gani?"

"La jikoni," nikasema.

"Bibie, vigae hivi ni vya mji mzima. Una majiko mengi."

Nasrin akakumbuka. Mama yake alikuwa akimsimulia nyumba moja tu, kila mara, tangu utoto wake: nyumba ya pembeni, karibu na bandari ya mji mmoja wa kale wa Uajemi uliofukiwa, ambako alichimba akiwa binti wa chuo, jua kali, nywele zimefungwa kitambaa. Alipohamia Ubelgiji, sehemu ya vigae iliruhusiwa kuja kuchunguzwa, na nyumba ile ilikuwa ndiyo kipenzi chake. Luc akabana midomo. Akavuta ngazi, akapanda, akateremka na sanduku lenye vumbi. "Hili Madame Farideh aliliomba siku chache kabla hajaugua," akasema. "Alilitazama siku nzima. Alipoondoka alikuwa anaimba."

Tukamwaga vifuko mezani kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vya kwao: mitungi yenye rangi inayong'aa, bakuli, vigae vyembamba vyeupe-vyeupe kama biskuti. Nikaviweka kando. Kisha kwenye kifuko cha tanuri, kati ya vipande vyenye majivu, kikatoka kigae cheusi, kinene, kizito kuliko wenzake.

Nilikijua kabla sijakigeuza. Mmewahi kutembea mji wa ugenini, mkasikia mtu nyuma yenu anaita kwa lafudhi ya kwenu? Ndivyo nilivyojisikia. Udongo mwekundu wenye chembe za mchanga mkubwa, masizi upande wa nje, na chini ya mdomo pembetatu zilizochanjwa, moja baada ya nyingine.

"Ni cha kwetu," nikasema kwa Kiswahili, mpaka Luc akauliza nimesema nini.

Nilitaka kumpelekea Bi Farideh picha. Nasrin akakataa. Akamwambia Luc kwamba mama yake amekuwa akisema neno moja kwa wiki nyingi na yeye amekuwa akimjibu kwa mkate. Luc alirudisha vifuko sandukuni.

"Vigae haviruhusiwi kutoka ghalani peke yavyo," akasema mwishowe. Akalifunga sanduku, akavaa koti. "Kwa hiyo nitatoka navyo."

Woluwe, mara ya pili

Luc alikaa kwenye metro na sanduku mapajani kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Bibi mmoja mwenye mbwa mdogo akamuuliza kama ni chokoleti. "Ni vitu vya zamani kidogo," Luc akajibu.

Bi Farideh alikuwa kitandani. Nilikiweka kile kigae cheusi kwenye kiganja chake cha kushoto bila kusema neno. Alikipapasa kwa kidole gumba. Nasrin alipiga magoti mbele yake na kusema kwa Kiajemi, huku akilia, maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mama yake akamfuta machozi kwa mkono ule ule ulioshika kigae, akamwachia alama ya majivu shavuni.

"Umeshindwa," nikamwambia, nikicheka. "Uliniambia nikuonyeshe chungu, na kumbe unacho wewe."

"Na," akasema.

"Na nini?" akauliza Maman Furaha, kisha akajiziba mdomo.

Bi Farideh alikuwa anatikisa kichwa. Akanionyesha sanduku. Luc akaliinamisha mbele yake. Akapitisha mkono kwenye vifuko, akaviacha, akarudi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mpaka akafikia kile nilichokuwa nimeweka kando pamoja na vya kwao. Ndani yake akachagua kigae kimoja cheupe-cheupe, akanipa.

Nilikitazama. Udongo ulikuwa wao, wala hakuna ubishi: laini, mkavu, rangi ya biskuti, na vichembe vyeupe vya chokaa. Nilikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya mdomo, zilizofifia kwa masizi, kulikuwa na pembetatu. Nikachukua na kile cheusi nikavilaza pamoja. Mistari ya vyote viwili ililala upande mmoja, kama mkono uliochanja ulikuwa na mazoea yake.

Kwa miaka yote nilikuwa natafuta chungu kilichosafiri. Yeye alikuwa amepata kikubwa kuliko hicho. Chungu cha kutoka kwetu kilikwenda, kikapikiwa mpaka kikavunjika. Halafu mtu akatoka, akachimba udongo wa ugenini, udongo asioujua, akafinyanga kingine kama kile cha kwao.

Maman Furaha alikuwa ameinama juu ya bega langu. Nilimweleza. Akasema taratibu, "Donc hakurudiaka. Alibakia kule."

Bi Farideh akafungua mdomo. Alikuwa analitafuta neno, tukaliona likimponyoka, likirudi, likimponyoka tena. Nasrin alitaka kumsaidia, nikamshika mkono asubiri. Mashine ya chumba cha jirani ililia ikanyamaza.

"Zan," akasema Bi Farideh.

"Mwanamke," Nasrin akanong'ona. "Anasema mwanamke."

"Zan," akarudia, kwa nguvu zaidi, na akatutazama sote, mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba safari hii tumesikia.

Luc alivua miwani yake akaifuta kwa lile sweta. Akasema kwamba ghala linahama, ni kweli, lakini sanduku moja linaweza kusahaulika mezani kwake kwa muda wowote utakaohitajika.

Nyumbani

Siku zilizobaki tulizitumia pale kitandani, vigae vinavyoletwa na Luc vikiwa vimetandazwa kwenye meza ya chakula ya hospitali. Nilipima, nilichora, na yeye alisahihisha kwa kidole. Nilipokosea pembe ya mdomo wa chungu alinipiga kofi dogo la mkono. Nasrin aliacha kwenda kwa mwokaji. Alikuja moja kwa moja akakaa nasi. Siku moja Bi Farideh mwenyewe akauliza, kwa ishara, mbona siku hizi hakuna mkate.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Hakuna aliyegoma. Swedi alikuja Midi kuniaga na unga wa muhogo ambao nilimkumbusha kwamba ninakotoka upo. Maman Furaha alinisindikiza mpaka mahali ambapo hawaruhusu wasindikizaji, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Bibi Sauda, urudi." Sikumuuliza bibi wa nani.

Sasa mnaniuliza kama anaendelea vizuri. Anaendelea. Ametoka hospitali, yuko kwa Nasrin, na maneno yanarudi moja moja, ingawa Kifaransa bado kimegoma kama uwanja wao wa ndege. Kila Ijumaa jioni namsomea kwa simu ninachoandika kuhusu vigae vile, Nasrin akitafsiri katikati.

Ijumaa iliyopita nilimsomea sehemu ya yule mwanamke. Nilikuwa nimeandika vizuri, naona fahari kusema. Niliandika kwamba alitekwa pwani yetu, akapelekwa kwa nguvu, akapikia watu wasiojua jina lake, na kwamba chungu kile cha pili alikifinyanga kwa uchungu wa kukumbuka kwao. Nilipomaliza, upande wa pili ulikuwa kimya. Nikadhani wanalia.

"Khaleh," Nasrin akasema, "mama anauliza umejuaje kwamba alitekwa."

Nikamjibu, "Sijui. Wengi walitekwa."

Wakasemezana. Ilichukua muda, maana sentensi ilikuwa ndefu kwake. "Anasema huenda alitekwa. Huenda aliolewa. Huenda alikwenda na baba yake kwenye biashara. Anasema hajui, na wewe hujui, kwa hiyo usimwekee machozi ambayo hatujayaona."

"Basi niandike nini?"

Nilimsikia Bi Farideh mwenyewe akijibu, neno moja la Kiajemi, polepole, bila kukwama. Nasrin akacheka kabla ya kunitafsiria.

"Alipika," akasema. "Andika kwamba alipika."

Nikaifuta ile aya nzuri, nikaandika hivyo.